Kuni za Uzio wa Mazuku

Mwaka ule Ndosho ilinuka kandambili zilizoungua. Kabla ya hapo moshi wa mtaa wetu ulikuwa na majina, na mama alinifundisha kuyajua tangu nikiwa mdogo, jinsi watoto wengine wanavyofundishwa majina ya wajomba. Moshi wa mkaratusi uliwasha pua kama dawa ya mafua. Wa mparachichi mkavu ulikuwa mchungu, ukakaa kwenye nguo mpaka Jumapili. Wa mabua ya mahindi ulikuwa mwepesi, wa watu wenye haraka. Nilikuwa nikipita njiani jioni, kamba ya kuni mkononi, nikajua nani anapika nini na amepata wapi kuni za kupikia, hata kabla sijaona mlango wa mtu. Halafu wakimbizi wakavuka mpaka, watu juu ya watu, siku baada ya siku, wakakaa juu ya mawe meusi ya volkano upande wa magharibi wa mji, na baada ya wiki chache moshi ukapoteza majina yake. Watu walichoma mizizi. Walichoma majani mabichi, vikapu, miguu ya viti, na mwishowe kandambili na vipande vya plastiki, ili mradi sufuria ichemke. Harufu ile ilikaa kooni. Mpaka leo nikiisikia katika mji wowote, miguu yangu huanza kutafuta njia ya kutokea.

Papa alikuwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo vijana wa kwetu hubebea viazi, makala, yaani makaa ya kupikia, na mifuko ya simenti wakishuka nayo milima. Alikuja Goma kutoka Butembo juu ya lori la viazi, akaoa, akajenga kibanda cha mbao pembeni mwa barabara, na hapo ndipo nilipozaliwa mimi, Masika, jina wanalopewa mabinti wa kwanza kwa Wanande. Mama alipika maharage na kuwauzia wasukuma chukudu waliosimama kwa papa kutengeneza magurudumu. Maharage ya kwetu milimani ni makaidi, yanataka moto wa asubuhi nzima. Kwa hiyo nyumba yetu iliishi kwa mti: mti mgumu wa papa, mti wa kuwaka wa mama. Na kazi ya kutafuta ule wa mama ilikuwa yangu. Niliipenda kuliko shule, sitaficha. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Mwalimu alisema nina mchwa kwenye makalio. Nikitumwa kuni nilikuwa huru kwenda mpaka nilipotaka, kuuliza watu maswali, kugeuza mawe kuona kilichojificha chini, na kurudi na mzigo uliofungwa kwa kamba ya kipaji, ile inayopita kwenye paji la uso, kama mwanamke mzima.

Karibu na kwetu, mwendo wa dakika chache kuelekea ziwani, kulikuwa na bonde dogo ambalo halikuguswa na mtu. Lilikuwa shimo pana tu katikati ya mawe, lenye majani laini, ya kijani hata wakati wa kiangazi, wakati kwingine kote kumekauka. Hapo ndipo palipokuwa na mazuku. Kwa asiyejua, mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano. Haina rangi, haina harufu, wala haigongi mlango. Usiku na alfajiri, upepo ukilala, inajaa mabondeni kama maji kwenye bakuli, na kiumbe chochote chenye pua chini ya kina chake kinalala kisiamke. Mchana, upepo wa ziwa ukivuma na jua likiwaka, inatawanyika, na unaweza kukatiza bondeni ukiimba. Wazee wa Kihunde waliokuwa na ardhi ile kabla yetu waliacha desturi: kila mwanzo wa kiangazi, Jumamosi moja, nyumba zote jirani zinatoka pamoja na kutengeneza upya uzio wa fito na miiba kuzunguka bonde, na kila nyumba ina sehemu yake. Yetu ilikuwa ile inayotazama njia iliyokuja kuwa ya kambini. Papa alichagua fito ngumu za sehemu yetu kwa jicho lake la fundi, na nilijivunia kwamba hakuna aliyekuwa na uzio ulionyooka kama wetu.

Wakimbizi walipokuja nilikuwa darasa la nne. Shule ikafungwa kwa sababu madarasa yalijaa familia, madawati yakafuata njia ya vitu vyote vya mbao. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na wiki za kwanza watu wa Ndosho waligawa maji, ndizi, na mashuka ya kufunikia maiti, maana kipindupindu kilikata watu kama majani na mwamba ule haukuchimbika kaburi. Lakini kuni hazikugawanyika. Kila asubuhi wanawake na watoto walitoka kambini kwa mistari mirefu, panga mkononi, kuelekea msitu wa mbuga chini ya mlima, na kila jioni msitu ulikuwa umerudi nyuma. Mimi nami niliufuata. Mwanzoni nilitembea saa moja, kisha mbili, kisha nikawa naondoka na giza na kurudi mchana na mzigo wa visiki ambao ningeuonea aibu mwezi mmoja kabla. Siku moja nilirudi na vijiti vya kushika kwa mkono mmoja. Mama alipika navyo alivyoweza, na wasukuma chukudu walipotafuna, mmoja akatoa harage mdomoni, akalitazama.

"Mama Masika," akasema, "leo umeanza kuuza mawe? Kama ni mawe, yako bure pale nje."

Wote wakacheka, mama pia, lakini alicheka akitazama chini. Kesho yake walikuja wachache. Mwenye njaa hana miiko. Kesho kutwa yake, nikirudi mikono mitupu, nilipita kando ya bonde nikaona fito ya mwisho ya sehemu yetu imelegea. Imelegea kidogo tu. Nikajiambia kwamba itaanguka yenyewe, nikaing'oa. Mama akaniuliza nimeipata wapi, nikasema nimepewa parokiani. Hakuuliza mara ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza uzio. Kila siku fito mbili, tatu, miiba nikaisukuma pembeni, nayo watu wengine wakaichukua. Haikupita mwezi na upande wetu wa bonde ulikuwa wazi kama mlango.

Miongoni mwa waliokuja kwa mama kubadilisha mahindi ya msaada na maharage yaliyoiva alikuwa mwanamke tuliyemwita Mama Klementina. Alikuwa amejifunza Kiswahili sokoni Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na watoto watatu, na mume aliyempoteza njiani bila kujua kama ni hai au mfu. Binti yake mkubwa, Klementina, alikuwa rika langu. Nilimchosha kwa maswali. Nilitaka kujua milima ya kwao ina rangi gani kwa mbali, mtu hulalaje akitembea, daraja la mpakani lilikuwa na harufu gani siku ile. Alinijibu alipotaka. Asipotaka alinifundisha kuhesabu kwa Kinyarwanda, ili ninyamaze. Kwao kambini, shitingi yao, yaani turubai lao la plastiki, ilikuwa kwenye mteremko, mvua ikinyesha maji yalipita katikati ya mikeka. Mdogo wao wa mwisho alikohoa kila siku.

Ndipo siku moja, jua likiwa katikati, Klementina akaja mbio akicheka.

"Masika, tumehama. Sasa tuko na kwetu. Hakuna maji, hakuna upepo, na majani ni laini kama godoro ya wazungu."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea ziwani, upande wa bonde.

Nilikimbia mpaka pale na kuona turubai la samawati limetandazwa chini kabisa ya shimo, mawe manne yameshika kona, na mtoto mdogo amelala kifudifudi kwenye majani. Mama Klementina alikuwa akifagia. Shemeji yake, mwanamume mrefu aliyeitwa Karoli, alikuwa akifunga kamba ya mwisho. Jogoo wao, mali pekee waliyovuka nayo, alikuwa chini ya tenga. Nikawaambia watoke. Nikawaeleza mazuku kwa pumzi moja, vibaya, maneno yakigongana.

Karoli hakuacha kufunga kamba. "Juzi batu ba hapa walisema kuni ni zao," akamwambia shemeji yake. "Jana maji ni yao. Leo hewa pia ni yao."

"Si hivyo, papa. Ni kweli. Inaua."

"Na kama inaua, kwa nini hakuna alama? Watu wazima wanaacha shimo la kuua hivi hivi, bila hata mti moja?"

Badala ya kujibu nikafanya tunavyofanya sisi: nikafunga majani makavu ya mgomba, nikayawasha, nikainama na kushusha moto mpaka chini ya goti. Mwenge ukiingia kwenye mazuku hufa papo hapo, hiyo kila mtoto wa kwetu anaijua. Lakini ilikuwa saa saba mchana na upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma vizuri. Moto uliwaka kwa furaha. Karoli akainama, akawashia sigara yake hapo.

"Asante kwa kibiriti, binti," akasema. Klementina akacheka, kisha alipouona uso wangu akaacha.

Nilirudi nyumbani lakini sikuingia. Niliizunguka nyumba. Nilikwenda mpaka barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Jua likaanza kushuka kuelekea milima ya Masisi, na nikawa nalowesha kidole mate na kukiinua kupima upepo, kila mara upepo ukiwa mdogo zaidi. Nilijua kwamba ukilala kabisa hakutakuwa tena na wakati wa maneno. Nilijua pia kwamba wale watu hawatamwamini papa zaidi ya walivyoniamini mimi, maana wangemwona mwenyeji mwingine tu anayetaka shimo lake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kingemuumbua mtu mwingine, mtoto anayekohoa aliyelala kwenye majani, na mimi ningebaki mzima. Wazo hilo ndilo lililonisukuma mpaka kwenye karakana ya papa, alipokuwa akichonga gurudumu kwa tezo.

"Papa, kuna watu wamelala kwenye mazuku."

Tezo ikasimama. "Wamepitaje? Uzio uko."

"Hauko. Ule upande wetu, ni miye niliuchoma."

"Wote?"

"Wote."

Akanitazama, kisha akamtazama mama, aliyekuwa akikoroga sufuria nje ya mlango na mgongo wake kwetu. "Weye ulijua?"

Mama hakugeuka. "Papa Masika," akasema, "haya maharage unayokula kila siku yaliiva na nini? Na maombi?"

Mwanamke anayejua kila moshi kwa jina lake alikuwa amezijua fito zile tangu ya kwanza, na fundi anayejua kila mti alikuwa amekula bila kuuliza. Nimeyawaza hayo mara nyingi barabarani, lakini siku ile tulivaa tu viatu tukaenda wote watatu, mama akiacha sufuria motoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

Walikuwa wakila tulipofika ukingoni. Majani chini hayakutikisika hata moja. Karoli akasimama, akatuona watatu, akashika fimbo. Papa hakushuka. Alinisukuma mbele kwa kiganja, taratibu.

"Sema," akaniambia. "Yote. Si ya mazuku. Ya kwako."

Nikasema. Nikasema palikuwa na uzio, na kwamba ulikuwa wa nyumba yetu, na kwamba nilikuwa nimeung'oa fito moja moja na kuuchoma, na kwamba mahindi yao walikuwa wameyabadilisha kwa maharage yaliyopikwa kwa ile ile alama waliyoiulizia. Mama Klementina aliweka chini bakuli. Hakumtazama papa wala mama.

"Baba yako atakupiga kwa hili?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Sana?"

"Sijui. Sijawahi kufanya kubwa hivi."

Akanyanyuka, akambeba yule mdogo begani na kuanza kukunja mkeka kwa mkono uliobaki. Karoli akasema kitu kwa Kinyarwanda, kwa sauti kali. Mama Klementina akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili sisi pia tusikie: "Mutoto hawezi kujitafutia fimbo kwa ajili ya uongo. Fungua kamba, Karoli."

Akafungua, akinung'unika. Tulipanda na mikeka, sufuria na turubai kwa safari moja, na mimi nilisikia, au nilidhani nasikia, uzito kwenye magoti nilipoinama kuokota kikombe. Papa akaniinua kwa kola kama paka. Tulipofika juu Karoli akakumbuka jogoo. Akageuka kurudi. Papa akamzuia kwa kifua, na wanaume wale wawili wakasukumana pale ukingoni, mpaka Mama Klementina akasema jogoo ni jogoo. Usiku huo walilala kwenye karakana yetu, juu ya mabaki ya mbao. Papa hakunipiga. Nilingoja mpaka usingizi ukanipitia nikingoja, na kesho yake pia nikangoja.

Asubuhi, jua likichomoza na upepo ukiwa bado umelala, tulikwenda ukingoni. Papa aliwasha mwenge, akaufunga kwenye mti mrefu na kuushusha. Ulikufa kama uliobanwa na vidole. Tenga lilikuwa pale pale, na jogoo ndani yake alikuwa ameinamisha kichwa kama anayechungulia kitu ardhini, manyoya safi, bila damu. Mkeka wa watoto ungekuwa chini zaidi kuliko yeye. Karoli akavua koti, akaanza kuokota mawe.

Ndivyo tulivyojenga uzio mpya, wa mawe meusi, maana mawe hayaivishi maharage. Tulifanya kazi siku nyingi, sisi na watu wa kambini, na mawe ya volkano yalitukata mikono kama chupa. Klementina alihesabu kwa Kinyarwanda, mimi nikahesabu kwa Kinande, na tulipogombana nani amebeba mengi hakuna aliyeweza kuthibitisha. Shule ilipofunguliwa sikurudi. Hakuna aliyenikataza, nilikuwa nimeonja kujua vitu kwa kuviendea. Kisha vita vikafika kwenye kambi, mizinga ikalia kutoka vilimani, na watu wote wale wakasukumwa barabarani, wengine kurudi kwao, wengine kuingia misitu ya magharibi. Turubai la samawati lilibaki limechanika kwenye mawe. Nimeuliza habari za mama mmoja na binti aitwaye Klementina kwenye masoko ya Walikale, kwenye bandari ya Bukavu, kwa madereva wa Kisangani, na ndani ya malori yaliyokwama matope siku tatu. Kila mtu anamjua Klementina mmoja. Si yule.

Nimezunguka hivyo kwa miaka mingi, nikiuza nilichokipata, nikiishi nilipofika. Kila niliporudi Goma mji ulikuwa mkubwa zaidi na mlima umetemea moto sehemu nyingine, vita vipya vimeleta watu wapya, na mstari wa kijani chini ya volkano umesogea mbali zaidi mpaka macho yangu yamechoka kuutafuta. Makala sasa yanatoka mbali kiasi kwamba mtu huyabeba kama dhahabu. Ziwa linapanda na kushuka ovyo, mvua zinakuja kwa hasira na kwa wakati wao. Ndosho, iliyokuwa ukingo wa mji, iko katikati. Na mawe tuliyoyapanga yamepondwa kuwa kokoto za misingi ya nyumba, kwa sababu mji unaojengwa na waliokimbia hauachi kitu chochote kikae bure.

Mara ya mwisho niliporudi nilikwenda kulitazama bonde. Lilikuwa na nyumba sita za mbao. Nikagonga mlango wa kwanza, nikiwa tayari kusema yote. Mwanamke aliyefungua alikuwa amekimbia kutoka Masisi na mtoto mgongoni. Nilianza kueleza, naye akanisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayemwonyesha njia ya kwake mwenyewe.

"Tunajua, mama," akasema. "Kila mutu hapa anajua. Lakini kwingine wanataka kodi. Karibu, uone tulivyofanya."

Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, kimeinuliwa juu ya matofali, tofali juu ya tofali, na ngazi ndogo ya fito pembeni. Watoto wanne wanalala hapo juu, akaniambia, na yeye na mume wake wanakaa wima ukutani kwa zamu, kusikiliza kama watoto wanapumua. Zamani kilichotukosesha usingizi kilikuwa kutojua, au kujua na kunyamaza, na neno moja lililosemwa kabla ya jua kuzama liliweza kuwatoa watu watano shimoni. Mwanamke huyu sikuwa na neno la kumpa. Nilisimama kando ya kitanda chake, nikakipima kimo kwa mwili wangu. Kilinifika kiunoni.

"Na upepo ukilala kabisa," nikamuuliza, "mazuku inapanda mpaka wapi?"

Akaweka mkono kwenye tofali la tatu, akafikiri, akaupandisha hadi la nne.

"Mwaka huu," akasema, "mpaka hapa."